Usimamizi wa maarifa katika ofisi za forodha Kampala: kazi ya kufanywa kabla ya kununua akili bandia

Programu za akili bandia, ambazo wengine huziita akili mnemba, zimeingia katika ofisi za uwakala wa forodha na usafirishaji jijini Kampala kwa mlango wa nyuma. Hazikuja kwa uamuzi wa bodi wala kwa zabuni. Tangu ChatGPT ilipotolewa kwa umma Novemba 2022, karani mmoja huijaribu kwenye simu yake, akaiuliza namba ya HS ya bidhaa asiyoifahamu, akapata jibu lililoandikwa vizuri, na kesho yake wenzake wakafanya hivyo hivyo. Mwenye kampuni hugundua baadaye, na swali linalomjia ni kama anunue programu rasmi kwa ajili ya ofisi nzima.

Swali hilo linatanguliwa na jingine. Programu hizo zimesoma maandishi mengi ya dunia, lakini hazijasoma mafaili ya kampuni. Hazijui kwa nini mzigo wa mteja fulani ulihojiwa mwaka jana, jibu lipi lilikubaliwa, wala dereva afanye nini endapo kifaa cha kufuatilia mzigo kimezima njiani. Mambo hayo yako vichwani mwa watu wawili watatu, katika kundi la WhatsApp, na katika mafaili yaliyofungwa kwa kamba stoo. Kuyakusanya, kuyathibitisha, kuyawekea tarehe na kuyafikisha kwa anayeyahitaji ndiko kunakoitwa usimamizi wa maarifa. Kampuni isiyofanya kazi hiyo kwanza itakuwa imenunua msemaji hodari asiyejua habari za nyumba.

Nani anajibu mbele ya sheria

Uzito wa jambo hili kwa wakala unatokana na Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Kifungu cha 147 kinamhesabu wakala anayefanya jambo kwa niaba ya mwenye mali kuwa kama mwenye mali, naye anawajibika binafsi kwa ushuru unaodaiwa. Kifungu cha 203 kinaihusu hati yenye maelezo ya uongo au yasiyo sahihi: adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka 3 au faini isiyozidi dola 10,000 za Marekani. Hakuna mahali sheria inaposema kwamba kosa likifanywa na kompyuta wakala anasamehewa.

Huko ng'ambo mahakama zimekwisha kuonyesha msimamo wake. Juni 2023 mahakama moja ya New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kupeleka hoja zenye kesi ambazo hazikuwahi kuwapo. Zilikuwa zimebuniwa na ChatGPT. Februari 2024 baraza la madai la jimbo la British Columbia, Kanada, liliamua kwamba shirika la ndege la Air Canada limlipe abiria aliyepewa maelezo yasiyo sahihi kuhusu nauli na mashine ya kujibu maswali iliyokuwa kwenye tovuti ya shirika hilo. Utetezi kwamba mashine ile inajitegemea haukukubaliwa. Wakala wa Kampala mwenye leseni iliyotundikwa ukutani hana sababu ya kutarajia huruma zaidi.

Maarifa yako wapi

Tangu utaratibu wa Himaya Moja ya Forodha uanze kutumika mwaka 2014, mzigo unaokuja Uganda kupitia Mombasa hutangazwa Kampala na kodi hulipwa kwa Mamlaka ya Mapato ya Uganda, URA, kabla ya mzigo kuruhusiwa kutoka bandarini. Kati ya meza ya karani na kontena kuna takribani kilomita 1,170. Namba ikikosewa Kampala, kontena linakaa Mombasa, na huko demareji na storeji zinahesabiwa kwa siku. Kwa hiyo kile anachokijua mtu mmoja anayekaa mbele ya mfumo wa ASYCUDA World kina bei, na bei hiyo huonekana siku mtu huyo akiugua, akienda mazishini au akihamia kampuni nyingine.

Maarifa ya ofisi kama hiyo yamo katika mafungu matatu, nayo hayalingani kwa thamani.

Fungu la kwanza ni sheria na nyaraka za wazi: kitabu cha Ushuru wa Pamoja wa Forodha, sheria ya 2004 na kanuni zake, Gazeti la Jumuiya, matangazo ya URA, masharti ya Shirika la Viwango la Uganda, UNBS, kuhusu ukaguzi wa bidhaa kabla hazijasafirishwa. Hizi zinapatikana kwa kila mtu, hivyo haziipi kampuni faida yoyote juu ya mshindani wake, ingawa bila hizo haiwezi kusogea.

Fungu la pili ni kumbukumbu za kampuni yenyewe, nalo ndilo lenye mali. Humo mna matamko yaliyopita, ankara, barua za kubishania thamani, maamuzi ya mapema yaliyoombwa kwa Kamishna, na zaidi ya yote hoja ambazo maafisa wa forodha walizitoa pamoja na majibu yaliyopelekwa. Katika ofisi nyingi kumbukumbu hizi hazina mpangilio mwingine ila namba ya faili na mwaka. Mtu anayetaka kujua kama kampuni imewahi kuulizwa thamani ya matairi kutoka China hana pa kutafuta isipokuwa kumwuliza mzee wa ofisi.

Fungu la tatu ni yale yaliyomo kichwani mwa mzee huyo. Michael Polanyi aliyaandikia kitabu mwaka 1966, na Wajapani Ikujiro Nonaka na Hirotaka Takeuchi wakayafanya msingi wa kitabu chao cha mwaka 1995 kuhusu kampuni zinazozalisha maarifa. Ni yale ambayo mtu anayajua lakini hajawahi kuyaandika, na pengine hawezi kuyaeleza yote. Karani mzoefu huitazama ankara akasema, "Hii itahojiwa," kabla hajajua ni kwa nini.

Kazi ianzie kwenye fungu la pili, na ndani yake ianzie kwenye hoja za forodha. Kila hoja ni swali halisi lililoulizwa na mtu mwenye mamlaka, likajibiwa, na matokeo yake yakajulikana. Daftari la hoja linahitaji mambo machache: bidhaa kwa maneno ya kawaida, nchi ilikotoka, namba ya HS iliyotangazwa, tarehe, afisa alihoji nini, kampuni ilijibu nini na kwa ushahidi gani, na mwisho wake ukawaje. Anayeshindwa kujaza sehemu ya mwisho ajue kwamba hoja hiyo bado haijawa maarifa. Ni habari tu. Kampuni ya watu kumi inaweza kurudi nyuma miaka miwili na kuyaandika hayo kwenye jedwali la Excel bila kununua chochote. Kazi ni ya kuchosha, na hakuna programu itakayoifanya vizuri peke yake, kwa kuwa nusu ya majibu yalitolewa kwa simu.

Kila karatasi iwe na tarehe

Katika biashara ya mpakani maarifa huoza. Huenda hili ndilo linalotofautisha ofisi ya forodha na ofisi nyingine nyingi zinazoanzisha mpango wa namna hii, na ndipo akili bandia inapokosea bila kuonekana imekosea.

Chukua paneli za sola. Hadi toleo la 2017 la mfumo wa HS zilikuwa chini ya 8541.40. Toleo la 2022 lilikigawanya kifungu hicho, na paneli zilizokwisha kuunganishwa zikahamia 8541.43. Simu za mkononi nazo zilikuwa 8517.12, sasa simu janja ni 8517.13, na nyingine 8517.14. Maandishi ya miaka mingi yenye namba za zamani bado yamejaa katika intaneti, na programu iliyojifunza kwayo inaweza kuzitoa kwa ujasiri ule ule. Hapo hasara ni ndogo, maana mfumo wa forodha hauipokei namba isiyokuwamo. Mabadiliko mengine ya HS yanaanza kutumika 1 Januari 2028, na kazi ya kulinganisha namba itarudi tena.

Hatari kubwa iko kwenye kiwango cha ushuru. Ushuru wa Pamoja ulipata daraja la nne la asilimia 35 kuanzia 1 Julai 2022. Juu ya hayo, kila mwaka kabla ya 1 Julai Gazeti la Jumuiya hutangaza bidhaa ambazo nchi fulani imeruhusiwa kutotumia kiwango cha pamoja, au viwanda vilivyopewa msamaha wa ushuru wa malighafi, na mara nyingi ruhusa hizo ni za mwaka mmoja. Orodha ya Kenya si ya Uganda, wala ya Uganda si ya Tanzania. Programu iliyolisoma Gazeti lote inaweza kuuchukua mstari wa Kenya na kumpa mtu wa Kampala. Namba ya HS itakuwa sahihi, Gazeti litakuwa la kweli, na jibu litakuwa baya.

Njia nazo hubadilika. Mpaka wa Katuna kati ya Uganda na Rwanda ulifungwa Februari 2019 na kufunguliwa tena 31 Januari 2022. Katikati ya hapo malori yalielekezwa Mirama Hills na Kagitumba. Januari 2022 foleni ya malori ilirefuka Malaba kwa mgogoro wa vipimo vya Covid-19. Juni mwaka huo huo mji wa Bunagana ulitekwa na waasi wa M23, na maelekezo yote ya safari za Rutshuru kwa njia hiyo yakapoteza maana. Maelekezo ya msafara yaliyoandikwa 2021 yanaweza kuwa sahihi neno kwa neno, na bado yakampoteza dereva.

Kwa sababu hiyo kila karatasi inayoingia kwenye hazina ya kampuni iwe na tarehe mbili: inatumika tangu lini, na itapitiwa tena lini. Ya tatu, yaani tarehe iliyokoma kutumika, iandikwe pale inapokoma. Karatasi ya zamani isifutwe. Mzigo ulioingia 2021 huhojiwa kwa sheria ya 2021, na anayeijibu hoja anahitaji kuiona sheria hiyo kama ilivyokuwa.

Mwenye maarifa hana haraka ya kuyatoa

Mipango mingi ya aina hii hukwama kwa watu, hata pale mashine zinapofanya kazi vizuri. Karani mzoefu wa Kampala anajua kwamba mtaji wake ni kile anachokijua na simu za wateja anazozihifadhi. Akiombwa ayaandike yote kwenye jedwali, tena akiambiwa kwamba jedwali hilo litalishwa kwenye akili bandia, anasikia jambo moja tu: anafundisha mtu wa kumpokonya kazi. Si ujinga kufikiri hivyo. Mwenye kampuni anayempa jibu la juu juu atapata jedwali la juu juu.

Mfano unaotajwa sana katika taaluma hii ni wa mafundi wa mashine za kunakili za Xerox. Mwanaanthropolojia Julian Orr alifuatana na mafundi hao nchini Marekani, na katika kitabu chake cha mwaka 1996 akaeleza kwamba matatizo magumu hawakuyatatua kwa kufungua kitabu cha maelekezo. Walisimuliana: mashine ile ilifanya hivi, nami nikagundua vile. Katika miaka ya 1990 kampuni hiyo ilianzisha mfumo ulioitwa Eureka, ulioanzia kwa mafundi wa Ufaransa. Fundi aliandika mbinu yake, mafundi wenzake wenye uzoefu wakaipima, na ikikubaliwa ilisambazwa kwa wote ikiwa na jina lake. Jina ndilo lililokuwa na nguvu. Mbinu ilipimwa na watu wa kazi ile ile, na heshima ikamrudia mwenyewe.

Ofisi ya forodha inaweza kuiga hilo bila gharama kubwa. Jibu la hoja lililofaulu liandikwe jina la aliyelitunga. Asiandike peke yake: kijana akae naye nusu saa kila Jumamosi asubuhi, faili likiwa mezani, amwulize kwa nini alifanya hivi na si vile, kisha kijana ndiye aandike na mzee asome. Watu wengi waliofanya kazi miaka 20 wanaona taabu kuandika, lakini wakiulizwa jambo la kweli juu ya faili la kweli wanaeleza mpaka chai inapoa. Na malipo yasisahauliwe. Kama mshahara unapimwa kwa idadi ya matamko tu, saa ya kueleza ni saa ya hasara kwake. Lazima ihesabiwe kuwa kazi.

Lipo pia suala la kumwambia ukweli. Mwenye kampuni anayekusudia kupunguza watu asiwaahidi kwamba hakuna atakayepunguzwa. Katika biashara ambayo sheria inamtaka mtu aliyesajiliwa abebe dhamana, mzoefu anayeweza kulisahihisha jibu la mashine ana thamani zaidi kuliko aliyekuwa akichapa namba. Lakini hilo lionekane kwenye cheo na mshahara.

Sauti za madereva

Maarifa ya barabarani hayapatikani kwenye Excel. Dereva anajua mizani ipi ina foleni usiku, mahali pa kulala penye ulinzi, na kinachotokea pale gari linapofika Malaba hati za mzigo zikiwa bado hazijaonekana kwenye mfumo. Tangu mfumo wa pamoja wa kufuatilia mizigo kwa njia ya elektroniki uanzishwe na Kenya, Uganda na Rwanda mwaka 2017, anajua pia kwamba kuacha njia iliyoidhinishwa au kusimama pasiporuhusiwa huleta tahadhari kwenye kituo cha ufuatiliaji, na anajua ni maelezo gani yalimsaidia mwenzake siku betri ilipokufa.

Habari hizo hutumwa kwa sauti kwenye WhatsApp, kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kiganda, Kiingereza na majina ya vituo. Hapo akili bandia ina kazi ya maana, ya kugeuza sauti kuwa maandishi, lakini uwezo wake hutofautiana sana kwa lugha. Kazi ya msingi imefanyika hapo hapo Kampala: Chuo Kikuu cha Makerere kilishiriki kukusanya sauti za Kiganda katika mradi wa Common Voice wa Mozilla, na asasi ya Sunbird AI imekusanya matini na sauti za lugha za Uganda, zikiwamo Kiganda, Kiacholi, Kiteso, Kilugbara na Kinyankole. Kampuni ijaribu kwa ujumbe wake yenyewe kabla ya kuamini. Jaribio jepesi ni kuchukua jumbe 20 za mwezi uliopita, zigeuzwe kuwa maandishi, kisha madereva wenyewe wasomewe. Kama "Elegu" imekuwa neno jingine, au tani zimegeuka kuwa kilo, jibu limepatikana.

Kundi la WhatsApp lisiachwe kuwa ghala. Mtu mmoja apewe kazi ya kuchota kila jioni yale yanayofaa kudumu. Mengi hayafai: foleni ya leo imekwisha kesho.

Programu inaunganishwaje

Zipo njia mbili za kuitumia akili bandia kujibu maswali ya kazi, na mnunuzi azitofautishe kabla ya kutia saini. Ya kwanza ni kuiuliza programu ya jumla, nayo hujibu kutokana na yale iliyojifunza au kwa kuyaokota kwenye intaneti. Ya pili ni kuiunganisha na hazina ya kampuni: swali likiulizwa, programu kwanza inatafuta karatasi zinazohusika ndani ya hazina, kisha inatunga jibu kutokana na karatasi hizo na kuonyesha imezitoa wapi. Kwa wakala njia ya pili ndiyo inayofaa, hata hivyo haitibu hazina mbovu. Ikikuta karatasi mbili zinazopingana, moja ya 2021 na nyingine ya 2024, zote bila tarehe, itachagua moja au itazichanganya.

Muuzaji aulizwe mambo matatu papo hapo. Je, jibu linaonyesha karatasi na ukurasa? Je, programu inaweza kusema "sina" pale hazina isipokuwa na jibu? Je, kampuni ikiachana naye itaondoka na hazina yake katika umbo linalosomeka? Anayejikongoja katika swali la pili asinunuliwe, hata bei ikiwa nzuri.

Kisha upimaji. Kampuni ichague mafaili 50 ya zamani ambayo mwisho wake unajulikana, yakiwamo yaliyoleta adhabu. Maswali yaandikwe kama karani angeyauliza, na majibu sahihi yafungiwe na mzee wa ofisi. Mafaili hayo yasiwemo katika hazina wakati wa jaribio, la sivyo programu itakuwa inaiba mtihani. Idadi ya majibu sahihi ni muhimu, lakini la kutazamwa zaidi ni makosa: programu ilikosea kwa kusitasita au kwa kujiamini? Jaribio lirudiwe kila Julai baada ya Gazeti kutoka, na kila mara muuzaji anapobadilisha toleo.

Pamoja na hayo, kuna maswali yasiyopaswa kuishia kwenye mashine. Bidhaa mpya yenye utata wa namba inaombewa uamuzi wa mapema wa Kamishna, njia ambayo sheria imeifungua, na uamuzi huo ukipatikana unakuwa karatasi ya juu kabisa katika hazina. Thamani ya forodha hufuata Jedwali la Nne la sheria ya 2004, lililotokana na makubaliano ya Shirika la Biashara Duniani, nayo inahitaji nyaraka za mauzo halisi. Programu inaweza kuorodhesha nyaraka zinazotakiwa, haiwezi kujua kama ankara ni ya kweli.

Siri za wateja

Ankara ya mteja ina bei anayonunulia, jina la muuzaji wake na namba yake ya mlipakodi. Mfanyabiashara wa Kikuubo ambaye mshindani wake yuko duka la tatu hawezi kuvumilia bei hizo zivuje. Karani anayebandika ankara nzima kwenye programu ya bure ili apate namba ya HS ameitoa nje ya ofisi, na pengine nje ya nchi. Samsung ya Korea Kusini ilizuia matumizi ya programu za aina hiyo kwenye vifaa vya kazi mwaka 2023 baada ya wafanyakazi kupakia maandishi ya siri ya kampuni.

Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 na kanuni zake za 2021, zinazosimamiwa na Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi. Sheria inataka data za mtu zinazochakatwa nje ya Uganda ziwe na ulinzi wa kutosha huko ziendako, au mhusika awe ameridhia. Majina, simu na pasipoti za madereva zimo katika ulinzi huo. Kwa vitendo, agizo la ukurasa mmoja linatosha kuanzia: kipi kiruhusiwe kuulizwa kwenye programu ya nje, kipi kisitoke kamwe, na jina la mtu wa kuulizwa palipo na shaka. Maelezo ya bidhaa bila jina la mteja wala bei kwa kawaida yanatosha kutafuta namba.

Ndani ya ofisi pia kuna mipaka. Hazina moja ikiwa na mafaili ya wateja wawili wanaoshindana, programu isimpe karani wa mmoja bei za mwingine. Jambo hili husahauliwa mara kwa mara kwa sababu katika stoo ya karatasi kufuli la kabati liliifanya kazi hiyo kimya kimya.

Kazi ya nani

Kiwango cha kimataifa ISO 30401 cha mwaka 2018 kinaeleza mahitaji ya mfumo wa usimamizi wa maarifa, na kampuni kubwa zinaweza kukifuata. Ofisi ya watu kumi au kumi na watano haihitaji idara. Inahitaji mtu mmoja aliyetajwa kwa jina, mwenye siku moja kwa juma kwa kazi hiyo, na mwenye ruhusa ya kukataa karatasi isiyo na tarehe. Akiwa kijana wa kompyuta peke yake atatunza folda nzuri zenye mambo ya uongo. Akiwa mzee wa forodha peke yake folda hazitaonekana kamwe. Wawili wakigawana ni nafuu.

Mwezi wa kwanza utoshe kwa daftari la hoja na tarehe za nyaraka za sheria. Mwezi wa pili na wa tatu ni vikao vya Jumamosi na jumbe za madereva. Programu ije baada ya hapo, kwa watu watatu tu mwanzoni, na kila jibu linalotumiwa kwenye tamko liwekwe sahihi ya mtu aliyelikubali. Kampuni itakayotambua kufikia hapo kwamba daftari la hoja pekee limekwisha kupunguza maswali yanayojirudia inaweza kuahirisha ununuzi, na hakuna atakayeilaumu.

Baada ya mzigo kutoka

Faida ya mpango huu hupimwa siku barua ya ukaguzi inapofika. Sheria ya 2004 inamruhusu afisa, ndani ya miaka 5 tangu mzigo uingie, kudai vitabu na nyaraka zinazouhusu. Mifumo ya forodha nayo inazidi kulinganisha matamko kwa kompyuta, hivyo bidhaa ile ile iliyotangazwa kwa namba mbili na makarani wawili wa kampuni moja huonekana kwa urahisi zaidi kuliko zamani. Ofisi yenye hazina iliyotunzwa itaonyesha namba iliyotumika, karatasi iliyotegemewa, toleo la Gazeti lililokuwapo siku hiyo, jibu la programu kama liliulizwa, na jina la aliyeidhinisha. Asiyekubaliana na uamuzi wa forodha ana siku 30 za kuomba upitiwe na Kamishna chini ya kifungu cha 229, na Kamishna naye ana siku 30 za kujibu. Katika siku hizo 30 za kwanza, ofisi isiyo na hazina huzitumia nyingi kutafuta faili.